Lugha: Kiswahili. Nchi: Tanzania.

Tonton, mdogo wake papa, alifika kutoka Isangi siku ya Jumatatu, na kabla hajamaliza maji niliyompa alisema kilichomleta. Mashua yake ya mizigo ingerudi Jumamosi asubuhi, na papa angerudi nayo.

Papa, baba yangu, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, uso wake umeelekea barabarani kana kwamba bado anaiona. Hakukataa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Kule tuko wengi, yaya," tonton alimwambia kaka yake. "Utakaa na batu, utakula samaki yenye haijalala. Hapa Kabondo unafanya nini? Unachunga ukuta?"

"Naisikiliza," papa akajibu. "Ukuta ya hapa inasema maneno ya maana kupita wewe."

Tonton alicheka sana, lakini hakubadili mawazo, nami nilijua hakuwa na nia mbaya. Miezi minane ilikuwa imepita tangu presha ya macho impofushe papa kabisa. Kabla ya hapo, mtaa mzima ulimwita papa daktilo. Alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali hapa Kisangani, na alipostaafu aliendelea kuandika barua nyumbani: maombi ya kazi, malalamiko kuhusu mipaka ya viwanja, barua za kuomba mtoto arudishwe shuleni, barua za mke kwa mume aliyepotelea mbali. Watu walikaa kwenye benchi ukumbini wakisubiri zamu yao kama kwa daktari. Nilipokuwa nikipita na sahani walinyamaza, na papa alingoja nitoke ndipo aendelee kuuliza.

Nilipomwambia, baada ya macho kuzimika, kwamba angeweza kunitajia maneno ya barua nami nikaandika, alinijibu mara moja tu. "Mutu anakuya kuniambia miye, hapana wewe. Siwezi kukopa mukono ya mutu mwingine kwa siri ya mutu mwingine." Tangu siku hiyo benchi lilibaki tupu, na papa akawa mtu wa kuamshwa, kulishwa na kulazwa.

Jumatatu hiyo, tonton aliposema Jumamosi, papa alifikiri kwanza. Kisha akaweka sharti. Ndani mle kulikuwa na kompyuta yake ya ofisini, waliyompa siku ya kuondoka kwa sababu hakuna aliyeitaka tena. Mfumo wake ulikuwa umekufa hata kabla ya macho yake. Alikuwa amesikia, sijui wapi, kwamba kompyuta inaweza kumsomea kipofu kile anachoandika.

"Kama mpaka Ijumaa jioni ile mashini inanisomea barua," alisema, "barua yenye nimeandika na vidole yangu, nabaki. Kama hapana, nakufuata, na sitasema neno."

"Ile mashini?" tonton akauliza. "Ile yenye kuku ililalia?"

"Ile."

"Bon. Nakubali." Alikubali haraka, kama mtu anayepewa mchezo ambao mwisho wake umeshajulikana.

Jumanne nilikodi toleka mbili, zile baiskeli zetu za abiria. Moja ilibeba kompyuta iliyofungwa kwa kamba za mpira, nyingine ilinibeba mimi nikiwa na kioo chake mapajani. Kwenye mashimo nilimwona dereva wa mbele akishuka na kusukuma kwa upole, nikamshukuru moyoni. Tulikwenda kwa mama mmoja mwenye duka la fotokopi, ambaye wanafunzi humwamini kuliko mafundi wenye vibao vikubwa.

Aliifungua kompyuta, akapuliza vumbi, akatoa manyoya mawili ya kuku na kuniwekea kiganjani. Kisha akaisomea umri wake: kumbukumbu ndogo, na ubongo wa kizazi ambacho mifumo ya sasa haikitambui. Alijaribu kuiwekea mfumo mpya wa Linux mbele yangu. Kioo kikaandika mstari mmoja mweupe kwamba kifaa hiki hakifai, kikanyamaza.

"Usiilazimishe," alisema. "Hii iko muzee. Lazima tumupatie muzee mwenzake." Akapekua mkoba wa diski, akatoa moja yenye maandishi ya kalamu yaliyofifia. Ilikuwa Linux ya zamani, ya wakati mashine kama ile zilipokuwa bado mpya. Ilikuwa na sauti ya kusoma ndani yake, na Kiswahili pia. "Haitaingia mutandao. Dunia ya sasa haiijue. Lakini kuandika na kusoma, itaandika na itasoma."

Alinionya kuhusu jambo moja: kisoma-diski cha kompyuta kilikuwa kimechoka, na huenda kingefanya kazi mara moja tu. "Donc, basi, ukianza, maliza. Na andika kila kitu yenye inakuuliza na yenye unajibu."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nimefanya kazi ya kukusanya habari za redio kwa miaka mingi. Nisipoandika ni kama sikuwapo. Daftari la siku hizo ninalo hadi leo.

Jumatano jua lilitoka mapema, batri ya sola ikajaa kabla ya saa nne. Niliweka meza mbele ya kiti cha papa, nikaunganisha vipaza sauti viwili vidogo. Diski ilikataa mara tatu. Mara ya nne ilinguruma na kuzunguka, na maswali yakaanza kuja. Nilimsomea papa kila swali, yeye akajibu, nami nikaandika daftarini.

La kwanza lilikuwa lugha. Orodha ilikuwa ndefu, na karibu na mwisho niliiona: Kiswahili.

"Iko?" papa akauliza.

"Iko, papa."

"Basi chukua hiyo. Miye nilitumikia Kifaransa miaka yote. Sasa Kifaransa kipumuzike."

La pili lilikuwa nchi. Baada ya kuchagua Kiswahili, mashine ilinipa nchi mbili tu: Kenya na Tanzania. Kongo haikuwamo. Nilimweleza.

Tonton, aliyekuwa akitazama akiwa ameegemea ukuta, alipata la kusema. "Unaona? Hata mashini inajua huku hakuna Kiswahili. Tunapiga kelele tu."

"Weka Tanzania," papa akasema. "Njo yenye iko karibu."

Nikaandika: Lugha, Kiswahili. Nchi, Tanzania. Kisha likaja swali la kibodi, na jibu lilikuwa tayari limechaguliwa na mashine yenyewe. Nilibonyeza kukubali kama nilivyokuwa nimebonyeza mengine, nikaandika daftarini neno moja: sawa.

Mwisho iliomba neno la siri la mwenye kompyuta. Papa aliomba nisogee. Akavuta kibodi, akatafuta kwa vidole vya shahada zile nundu mbili ndogo zilizo kwenye F na J, akaandika neno lake bila kusita, na mara ya pili kulithibitisha. Kwenye kioo nyota zilipangwa nane. Hakuniambia ni neno gani, nami sikuuliza.

Kabla ya adhuhuri kidogo kazi ilikwisha, kompyuta ikazimika na kuwaka tena. Papa akaandika neno lake la siri, likakubaliwa. Niliiwasha sauti. Ikakohoa kidogo kwenye vipaza sauti, kisha ikasema kwa pua, bila kupumzika kati ya maneno: "Karibu. Hati mpya. Ukurasa ni mtupu."

Tonton alibanduka ukutani. "Hii ni mutu ya wapi?"

"Ya Tanzania," nikamwambia.

"Anasema kama mutu mwenye njaa." Aliinama kutazama nyuma ya kipaza sauti. "Anasema 'mtupu'. Mutupu, ndugu yangu. Fungua kinywa."

Papa hakuwa akisikiliza. Mikono yake ilikuwa tayari imeshuka mahali pake. Lazima nieleze jinsi anavyoandika. Alifundishwa na mwalimu aliyewafunika wanafunzi mikono kwa kitambaa, wasitazame herufi, na kwa hiyo kupofuka hakukumwondolea kitu chochote katika kazi hiyo. Mimi huandika kwa vidole viwili na macho manne. Yeye huandika kwa vidole kumi na shingo imenyooka, akiangalia mbele.

Aliandika jina la mji na tarehe, kama barua yoyote inavyoanza. Sauti ikasoma. Haikusema Kisangani. Ilisema kitu kama chafya, ikakwama, ikatamka herufi mojamoja.

Papa alifuta. Akaandika tena, polepole. Chafya ileile.

Akaandika jina lake. Halikuwa jina lake.

Aliinua mikono kutoka kwenye kibodi, akaiweka magotini. "Vidole," alisema. "Na vyenyewe vimeenda."

Tonton hakumtania. Alitoka nje, nikamsikia akiwafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya lolote.

Nilitaka kumshika papa bega, lakini nilitazama kioo kwanza. Pale paliandikwa Kisqngqni. Mstari wa chini yake, Kisqngqni. Kila mahali alipotaka a, palikuwa na q, bila kukosa hata mara moja. Jina lake lilikuwa na w, ikawa z. Nimesikiliza watu wengi wakikosea, kwenye mahojiano na kwenye maandishi, na ninajua mtu aliyechoka hukosea ovyo. Kosa lisilobadilika ni la kitu kingine.

"Papa," nikasema, "vidole vyako vizima. Mashini ndiyo imeketi vibaya."

Nikamweleza. Kibodi zetu hapa Kongo ni za mpangilio wa Kifaransa: mstari wa juu huanza na A, Z, E. Kule Tanzania hutumia mpangilio wa Kiingereza, unaoanza na Q, W, E. Tulipochagua Kiswahili, mashine ilitupeleka pwani, na ilipotupeleka pwani ikadhani tunaandika kama watu wa pwani. Hata saa yake, nilipoitazama, ilikuwa mbele ya saa yangu kwa saa moja kamili. Papa alibonyeza A palipo A, mashine ikasikia Q.

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa akicheka. "Donc tangu asubuhi niko Dar es Salaam," alisema.

Nilitafuta mahali pa kubadilisha, nikaweka kibodi ya Kifaransa kwa kompyuta nzima. Mashine ikaomba izimwe na kuwashwa upya ili ikubali. Nikaizima kwa moyo mweupe. Ilipowaka, iliomba neno la siri. Papa akaliandika.

Likakataliwa.

Aliandika tena. Likakataliwa. Mara ya tatu aliandika akibonyeza kila herufi kama anayegonga mlango wa mtu anayemheshimu, na kwa kila herufi sauti ilisema "nyota", "nyota", hadi nane, kisha ikasema kosa.

"Labda umesahau neno, yaya," tonton alisema kutoka mlangoni, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Neno lile siwezi kusahau," papa akasema.

Nilirudisha diski ili tuanze upya. Kisoma-diski kikanguruma, kikakwaruza, kikanyamaza. Nilijaribu hadi batri ikaisha. Alhamisi asubuhi nikajaribu tena, haikusoma. Nikaenda mwenyewe kwenye duka la fotokopi. Mlango ulikuwa na kufuli, na jirani akasema mama amekwenda Barumbu kwenye matanga, atarudi wiki ijayo.

Niliporudi, papa alikuwa ameomba nguo zake zifuliwe. Zilikuwa kwenye kamba, mashati manne na kaunda suti ya kazini. Hakuuliza duka lilikuwaje. Tonton alikuwa akimweleza habari za nyumba atakayolala, dirisha lake linaelekea wapi, nani atampeleka kanisani, na papa alikuwa akimwitikia mdogo wake kwa adabu: ndiyo, leki, ndiyo. Nadhani tonton mwenyewe hakuipenda adabu ile. Alizoea kaka anayemjibu.

Ijumaa sikwenda kazini. Niliketi ukumbini na daftari, nikasoma hatua zetu moja baada ya nyingine kama ninavyosoma habari ya mtu mwingine kabla ya kuipeleka hewani. Diski, jaribio la nne. Lugha, Kiswahili. Nchi, Tanzania. Kibodi, sawa. Neno la siri, herufi nane, papa mwenyewe. Nikaisoma mistari hiyo mara ya pili kwa sauti, na hapo nilisimama kwenye mpangilio wake: kibodi ilikuja kabla ya neno la siri.

"Papa," nikasema, "wakati uliandika neno lako la siri, tulikuwa tayari Tanzania."

Hakuelewa mara moja. Nikaendelea. Aliandika neno lake kwa vidole vya hapa, lakini sikio la mashine lilikuwa la kule. Ilihifadhi kile ilichosikia, si kile alichoandika, na nyota zilituficha sote. Sasa mimi nimelirudisha sikio lake nyumbani, na bado inadai neno lilelile la pwani.

Papa aliinua uso. "Donc neno yangu iko ndani, lakini imevaa nguo ya wengine."

"Ndiyo."

"Niongoze kwenye meza."

Alipoketi aliweka mikono kwenye kibodi bila kubonyeza, akaitembeza hewani. Akauliza maswali kama afisa anayekagua. "Kule kwao, pahali yangu ya A kuko nini?"

"Q."

"Na Z yangu?"

"W."

"Hiyo sina. M yangu? Ile ya pembeni ya L?"

Nililazimika kuchora kibodi ya Kiingereza daftarini kutokana na kumbukumbu, kisha nikahakikisha kwenye picha ya simu. "Kule hakuna M pale. Kuna nukta na mkato, moja juu ya nyingine."

"Point-virgule," papa akasema. "Ndani ya neno ya siri. Basi ilikuwa siri kweli."

Tonton alikuwa ameingia. Aliketi kwenye benchi la wateja, kofia mkononi.

Papa alifunga macho, ingawa hayakuwa na kazi, na midomo yake ilisogea. Alikuwa akilitafsiri neno lake kutoka vidole kwenda vidole. Mimi nisingeweza, ningehitaji kulijua neno, na kuliandika, na kuzibadilisha herufi kwa kalamu. Yeye alilibeba lote kichwani, akatoa A akaweka Q, akatoa M akaweka point-virgule. Kisha mikono ikashuka. Nyota, nyota, nyota. Katikati alisimama mara moja, kidole kimoja kikatafuta upande wa kulia wa N, kikahesabu vibonyezo viwili, kikabonyeza. Nyota. Akamaliza. Akabonyeza kuingia.

Kulikuwa na kimya kirefu, lakini kompyuta ile hufanya kila kitu kwa kimya kirefu.

"Karibu," ikasema sauti kwa pua.

Niliketi chini, sakafuni. Nakumbuka saruji ilikuwa baridi, na kwamba nilikuwa sijala tangu jana yake na sikuwa nimegundua.

Papa alifungua hati mpya, akaandika. Vidole vilikwenda kama mvua inayoanza juu ya bati, kwanza matone, kisha yote pamoja. Alipomaliza aliiamuru isome, nayo ikasoma:

"Kisangani. Ndugu yangu mpendwa. Nakushukuru kwa kuja kunichukua. Ninakujulisha kwamba sitasafiri. Mimi, kaka yako."

Tonton alitazama kipaza sauti, halafu akamtazama papa. "Umeniandikia barua na niko hapa?"

"Nilitaka ikuwe rasmi."

"Bon." Alizungusha kofia mkononi. "Bon. Nitaenda peke yangu. Nitaweka mihogo pahali yako, mihogo haisumbui."

"Na haijue kukujibu," papa akasema.

Nilinyanyuka kwenda kuzitoa nguo kwenye kamba. Niliporudi nazo begani, tonton bado alikuwa kwenye benchi. Hakuwa na uso wa mtu anayeondoka. Alikuwa amesogea hadi mwisho ulio karibu na meza, pale wateja walipokaa zamani zamu yao ikifika.

"Yaya," alisema, "kama iko inaandika kweli, kuna neno moja. Ni ya muda murefu." Akanitazama. "Mama, enda kwanza nje."

Yeye na papa huniita mama kwa kuwa nina jina la mama yao, na kwa kawaida hunituma kwa upole. Safari hii papa aliongeza, kwa sauti yake ya zamani ya kazini: "Na funga mulango."

Nikafunga. Nilikaa kidogo uani. Nilisikia tonton akizungumza chini kwa chini, akisimama, akirudia, na papa akiuliza swali moja fupi, kisha jingine. Halafu vibonyezo vikaanza. Vilipokoma nilikumbuka, nikiwa nimechelewa, kwamba hatukumnunulia papa vile vipaza sauti vidogo vya kuweka masikioni, na sauti ya Tanzania ikaanza kusoma barua ya tonton, wazi na kwa pua, hadi kwenye ua.

Makemba, ndizi zetu za kupika, yalikuwa yameiva kwenye sufuria. Nikayamimina kwenye kinu, nikashika mchi, nikayatwanga yawe lituma, kwa kelele kadiri nilivyoweza, mpaka barua ikaisha.